Kuyafuata maji ya Pangani, kutoka mgombani hadi baharini

Jumatatu, Shimbwe Juu

Safari hii tuliipanga iangukie mwishoni mwa Oktoba kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo majuma ambayo mkulima wa kaskazini mwa Tanzania hukaa katika mashaka makubwa kuliko wakati mwingine wowote: kiangazi kimekwisha kula akiba, vuli haijathibitika, na mbegu zimo ndani zikisubiri uamuzi. Nia ilikuwa kuyafuata maji ya Bonde la Pangani kutoka mteremko wa Kilimanjaro, kupitia tambarare za Moshi na milima ya Upare na Usambara, hadi mto unapoingia Bahari ya Hindi, na katika kila kituo kuuliza jambo moja, yaani mkulima amebadili nini tangu majira yalipoacha kuaminika. Bonde lina kilomita za mraba zipatazo 43,000, na sehemu yake ndogo imo nchini Kenya. Mwenzangu katika safari ni bwana shamba mstaafu aliyefanya kazi Upareni kwa miaka mingi, mtu ambaye haamini takwimu mpaka ameukanyaga udongo wenyewe.

Tulianzia Shimbwe Juu, katika Uru, ambako kilimo cha kihamba, yaani shamba la Mchaga linaloizunguka nyumba yake, kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) mwaka 2011 kuwa miongoni mwa mifumo ya kilimo ya urithi duniani. Anayeingia kihambani kwa mara ya kwanza hudhani ameingia msituni. Juu kabisa kuna miringaringa na miruka, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage, huku ng'ombe na mbuzi wakiwa zizini wakilishwa majani ya migomba na samadi yao ikirudi shinani. Kivuli hicho kinapunguza joto la mchana na kuufanya udongo ukauke polepole, na ndiyo sababu wataalamu wa leo wanaohubiri kilimo mseto wa miti na mazao hawana jipya la kumfundisha Mchaga isipokuwa kumwomba asiikate miti yake.

Mzee mwenye kihamba alitupokea akiwa na kikapu cha kahawa iliyoiva, kwa kuwa mavuno yalikuwa yanaendelea. Baada ya shikamoo na marahaba alianza mwenyewe kuzungumzia usiku. "Mwanangu, mchana jua limekuwa kali, hilo kila mtu analiona," alisema. "Lakini mimi nahesabu mablanketi. Zamani mwezi wa saba hukulala bila mawili." Kauli yake inaoana na uchambuzi wa mavuno ya kahawa ya Arabika nchini kuanzia mwaka 1961, ambao ulionyesha kwamba joto la usiku ndilo linaloumiza zaidi: kila nyuzijoto 1 linapoongezeka, hekta hupoteza kilo 137 hivi. Mkahawa unahitaji usiku wa baridi ili upumzike, na usiku ukiwa na joto punje huiva haraka kabla hazijajaa. Mdudu anayetoboa punje, ambaye zamani aliishia maeneo ya chini, sasa anapatikana mita 300 hivi juu zaidi mlimani kuliko ilivyokuwa miaka kumi kabla ya uchunguzi uliofanywa mwanzoni mwa karne hii.

Kila tuliyekutana naye alisema maji yamepungua kwa sababu theluji imeyeyuka. Ni kweli kwamba barafu ya Kilimanjaro imepungua kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2011, na macho hayawezi kuupita ushahidi ulioko juu ya kichwa. Hata hivyo, maji ya mito na mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachaga, hayatoki kwenye barafu hiyo isipokuwa kwa kiasi kidogo mno. Yanatoka kwenye mvua na kwenye msitu unaoukamata ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone, na msitu huo, hasa ukanda wake wa juu, umekuwa ukiteketea kwa moto tangu miaka ya 1970 kadiri mlima unavyozidi kukauka. Ninalitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu lina matokeo: anayeamini kwamba tatizo ni theluji hana la kufanya ila kusikitika, lakini anayejua kwamba ni msitu anaweza kwenda kulinda njia ya moto.

Mfongo wa kitongoji unapita nyuma ya nyumba ya mzee. Una mwenyekiti, una zamu, na una siku ya msaragambo ambayo kila kaya inatoa mtu wa kuzibua na kutengeneza kingo. Tuliwakuta wazee tu. Vijana wako Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, na faini ya kukosa msaragambo wanaituma kwa simu. Fedha inapokelewa, lakini haishiki jembe.

Jumanne, Lyamungu na Mabogini

Asubuhi tulipita Lyamungu, wilayani Hai, ambako utafiti wa kahawa ulianza mwaka 1934 na ambako sasa ndiyo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania. Miche chotara iliyoanza kutolewa kwa wakulima mwaka 2005 inastahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili ambayo yalimfanya mkulima atumie sehemu kubwa ya mapato yake kununua dawa. Faida yake ni dhahiri, na sina sababu ya kuikariri zaidi ya wanavyoikariri wenyewe. Niseme tu kwamba mche unaostahimili kutu bado unahitaji maji, na kwamba mzee wa miaka sabini hang'oi mikahawa ya baba yake kwa urahisi ili asubiri mipya ianze kuzaa.

Kutoka hapo tulishuka hadi Mabogini, kusini mwa Moshi, katika skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Ilikusudiwa kuhudumia hekta 2,300, na kati ya hizo 1,100 zilikuwa za mpunga. Mavuno ya miaka ya mwanzo yaliwashangaza hata waliojenga, na hapo ndipo shida ilipozaliwa. Wakulima walioko juu ya banio, mahali skimu inapokingia maji mtoni, ambao hawakuwamo kwenye mpango, waliona mpunga unalipa, wakachimba mifereji yao kutoka mto Rau na kuanza kulima wenyewe. Maji yaliyofika kwenye skimu yakapungua, na eneo lililolimwa mpunga ndani yake likasinyaa mpaka sehemu ndogo ya lile lililokusudiwa.

Hadithi hii haikusababishwa na mabadiliko ya tabianchi, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi, kwa sababu siku hizi kila upungufu unatupiwa hali ya hewa na wenye dhamana wanapumzika. Kilichofanywa na tabianchi ni kuondoa ulegevu uliokuwepo. Zamani masika mazuri yaliweza kuficha mpango mbovu kwa miaka miwili au mitatu, lakini sasa kiangazi kinapokuwa kirefu kila kasoro ya mgao inaonekana papo hapo shambani.

Mama mmoja mwenye majaruba mawili alitueleza namna alivyohamia kilimo shadidi. Miche hupandikizwa ikiwa na siku nane hadi kumi na mbili badala ya mwezi, mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25, na shamba haliachwi limefurika, bali hunyweshwa, likaachwa likauke hadi udongo uanze kupasuka, kisha likanyweshwa tena. Mbegu inayohitajika ni kidogo sana, machipukizi ni mengi, na maji yanayookolewa ni mengi pia. "Palizi ndiyo inayotuua, baba," alimwambia mwenzangu, "maana maji yakiondoka magugu yanaingia." Anatumia palizi ya kusukuma kwa mkono, ambayo anaiazima kwa zamu kwa sababu haitoshi kwa kikundi kizima.

Swali letu kwake lilikuwa maji anayoyaokoa yanakwenda wapi. Akacheka. Yanakwenda kwa jirani, ambaye ameongeza jaruba. Katika bonde lisilo na mgao unaoheshimiwa, maji yanayookolewa na mkulima mmoja hayabaki mtoni, bali yanageuka kuwa eneo jipya la mkulima mwingine, na aliye chini kabisa hapati hata tone la akiba hiyo.

Jumatano, Nyumba ya Mungu

Siku hii ilikuwa ya vumbi na sina mengi ya kuandika. Tuliiacha lami tukaenda hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 mahali ambapo mito Kikuletwa na Ruvu inakutana, na ambalo linahudumia umeme, uvuvi na mashamba ya wilaya za Moshi, Mwanga na Simanjiro kwa wakati mmoja. Ukingo wa maji ulikuwa mbali na nyumba za wavuvi. Kwenye ardhi iliyoachwa wazi na maji watu wamepanda mahindi, maharage na nyanya, wakifuata unyevu kadiri bwawa linavyorudi nyuma. Ni kilimo kizuri na cha akili, ila ardhi yake haina hatimiliki, na bwawa likijaa mazao yote huzama.

Wafugaji tuliokutana nao upande wa Simanjiro walikuwa bado wanahesabu hasara ya ukame wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, ambao uliua mifugo mingi katika ukanda huu. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa 2023, El Niño ilileta mafuriko. Kijana mmoja alituambia kwamba waliobakiwa na ng'ombe wachache baada ya ukame ndio hao hao waliopoteza mahindi katika mafuriko, kwa sababu walihamia bondeni kulima.

Alhamisi, Bangalala na Makanya

Hapa tulikaa muda mrefu kuliko popote, na nadhani tulifanya vyema.

Wilaya ya Same iko kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Upare, yaani upande ambao milima inaikinga mvua isifike. Tambarare yake hupata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, nazo zimegawanyika kati ya vuli na masika, kwa hiyo hakuna msimu unaofikia peke yake kiasi ambacho mahindi yanahitaji. Mkulima wa hapa amekuwa akilima chini ya kiwango tangu zamani, na ndiyo maana nilitaka kumsikia: mabadiliko ya tabianchi yamemkuta tayari ana zana za kukabili upungufu. Tatizo lake kubwa si jumla ya mvua. Mvua inaweza kunyesha kiasi kile kile cha mwaka jana, lakini ikaja kwa vishindo vitatu, na katikati pakapita wiki mbili au tatu za jua wakati mahindi yanatoa mbelewele. Wiki hizo ndizo zinazoamua kama kutakuwa na chakula.

Jibu la Wapare kwa wiki hizo ni ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa kwenye mteremko, la mita za ujazo mia mbili hadi elfu moja na mia sita hivi, na mengi yake yalichimbwa na koo vizazi vingi kabla ya mtaalamu yeyote wa umwagiliaji kufika. Ndiva haihifadhi maji ya kuvukia kiangazi kama bwawa la kawaida, bali huhifadhi maji ya usiku mmoja. Kijito cha mlimani kina maji machache, na ukiyaelekeza moja kwa moja shambani yananywewa na mfereji kabla hayajafika. Lakini yakikusanywa usiku kucha, yakafunguliwa alfajiri kwa mkupuo, yanakuwa na nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Kaya zenye zamu siku hiyo zinamwagilia, kizibo kinarudishwa jioni, na ndiva inaanza kujaa tena.

Tulisimama juu ya ukingo wa ndiva ya Manoo pamoja na mjumbe wa kamati yake, mama wa makamo aliyekuwa amevaa buti za mpira na daftari likiwa kwapani. Daftari hilo ndilo moyo wa mpango mzima. Alitueleza kwamba vuli inapoanza vizuri hakuna anayegombania zamu, kwa kuwa mvua inatosha, lakini jua likikatiza mvua mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, kamati hubadili utaratibu: anayepewa maji kwanza si yule ambaye zamu yake imefika, ni yule ambaye shamba lake limefikia hatua hiyo. Kumwagilia mara moja au mbili katika wakati huo kunaweza kumpa mtu mavuno ambayo asingeyapata hata kidogo, ilhali maji hayo hayo yakitolewa wiki tatu kabla au baada yangemsaidia kidogo tu.

"Na wanaokataa kupisha?" niliuliza.

"Wapo," alijibu. "Lakini mwakani nao watahitaji kupishwa, na daftari halisahau."

Upande wa juu kuna makubaliano mengine ya zamani zaidi, baina ya vijiji vya mlimani na vya mteremko: walio juu hutumia kijito mchana, na usiku hukiachia kishuke kijaze ndiva za walio chini. Makubaliano hayo yanatikisika. Vijiji vya juu vimeongeza mboga, ambazo zinahitaji maji hata kiangazi, na mipira ya plastiki imefanya iwe rahisi kuvuta maji usiku bila kuonekana. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka watumiaji wawe na vibali na inatambua jumuiya za watumia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye makao yake Moshi imefanya kazi kubwa ya kuzisajili. Lakini kibali kinaandikwa kwa lita kwa sekunde, na watu hapa wanagawana kwa mchana na usiku. Mwenzangu, ambaye alihudhuria mikutano mingi ya aina hiyo akiwa kazini, anasema hakuwahi kumwona mkulima akipima lita kwa sekunde, ila alimwona kila mmoja akijua saa ya kufunga kizibo.

Tishio lingine ni tope. Mvua zinazokuja kwa vishindo zinaporomosha udongo wa mashamba ya juu, na ndiva inayojaa mchanga hupoteza ujazo wake kila msimu. Kuuzoa ni kazi ya msaragambo, kwa majembe na karai, na huchukua siku nyingi.

Katika mashamba yasiyofikiwa na ndiva tuliona makinga maji yaliyochimbwa kwa kufuata kontua, yaani mistari ya usawa mmoja wa mteremko, na mistari iliyopasuliwa kwa jembe la ng'ombe linalovunja tabaka gumu la chini bila kugeuza udongo, ili mvua ya dakika ishirini iingie ardhini badala ya kukimbilia barabarani. Wenye ng'ombe wa kulimia wananufaika, na wasio nao husubiri wenye nao wamalize, wakati ambapo mvua ya kwanza imekwisha kupita. Kuhusu mbegu, wengi wanapanda mahindi yanayokomaa mapema kama Katumani au Situka, pamoja na fiwi, ambazo hutambaa na kuendelea kuishi kwa unyevu wa chini muda mrefu baada ya mahindi kukauka, na ambazo soko lake kubwa liko Kenya. Mtama unastahimili ukame kuliko mahindi, kila mtu anakubali, na karibu kila mtu halimi. Sababu tulizopewa ni ndege, watoto walioko shuleni ambao zamani ndio waliokuwa wakilinda, na ugali ambao wageni hawausifu. Sizidharau. Mpango wowote wa kuwarudisha watu kwenye mtama ambao hauna jibu la nani atafukuza ndege hautafika popote.

Alasiri tulishuka hadi Makanya, kando ya barabara kuu. Huku hawangojei mvua yao, wanangojea mafuriko ya milimani. Korongo linaposhuka na maji ya tope, wakulima huyakinga kwa matuta na kuyaingiza mashambani, yakaacha rutuba na unyevu wa kutosha kukuza mahindi bila mvua nyingine ya maana. Watu wa Makanya ni wataalamu wa kusikiliza ngurumo upande wa Upare. Sasa kila kinga maji linalochimbwa juu, ambalo mimi na mwenzangu tulikuwa tumelisifu asubuhi, linapunguza mafuriko hayo. Mzee mmoja alitusikiliza tukisimulia tulivyoona Bangalala, akauliza kwa upole kama kuna aliyekuja kumwuliza yeye.

Ijumaa, Mombo hadi Lushoto

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto kupitia Soni inapanda kutoka joto la tambarare hadi baridi ya mita 1,400 kwa muda mfupi, na makovu ya maporomoko ya udongo yanaonekana pande zote. Usambara Magharibi inalisha Dar es Salaam kabichi, karoti, nyanya, viazi na matunda, na mashamba yake mengi yako kwenye miteremko ambayo mtu wa pwani asingethubutu kutembea.

Tatizo la huku ni tofauti na la Same. Mvua ipo, lakini inakuja nzito na kwa siku zisizotarajiwa, ikifuatiwa na ukungu wa siku nyingi. Viazi na nyanya hushambuliwa na bakajani, na mkulima ambaye zamani alipiga dawa mara chache kwa msimu sasa anapiga kila juma, jambo linalomaliza faida yake na kupeleka sumu kwenye vijito vinavyoshuka kwenda mto Mkomazi.

Dawa ya mmomonyoko inajulikana. Kuanzia mwaka 1981 mradi uliofadhiliwa na Ujerumani uliwahimiza wakulima kupanda majani ya Guatemala na miti kama mgrivea kwenye mistari ya kontua, mizizi ishike udongo na majani yawe malisho ya ng'ombe wa maziwa. Mashamba yaliyofuata ushauri huo yanatambulika mpaka leo kwa ngazi zilizojijenga zenyewe. Lakini sehemu nyingine matuta hayakurudi, na ili kuelewa ni lazima kukumbuka Mlalo. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa wa Mlalo kuchimba matuta kwa amri, kwa kazi ngumu ambayo iliwaangukia zaidi wanawake, huku kaya zenye ardhi ndogo zikitakiwa kuacha sehemu za mteremko. Watu wakagoma, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Bibi mmoja sokoni Lushoto, tulipomwuliza habari za matuta, alijibu kwa neno moja, "Kiboko," kisha akaendelea kupanga karoti zake.

Mafundisho ya kilimo kinachohimili tabianchi yanayotolewa siku hizi kwa nia njema yanafanana mno na maagizo yale kwa sura ya nje: mtu wa mjini anakuja na gari, anaonyesha mstari, anasema chimba hapa. Bwana shamba wangu anasema alijifunza kuanza na ng'ombe. Ukimpa mtu sababu ya kutaka majani, tuta linakuja lenyewe.

Jumamosi, Korogwe na Hale

Tulishuka tena joto likatupokea. Korogwe ni nchi ya mkonge, zao ambalo halijali sana ukame na ambalo bei yake ndiyo iliyowahi kuliua, si jua. Kutoka hapo tulifuata mto hadi Hale, ambako kituo cha umeme kilijengwa mwaka 1964 chenye uwezo wa megawati 21. Chini yake kipo cha New Pangani Falls cha mwaka 1995 chenye megawati 68, na ukijumlisha 8 za Nyumba ya Mungu, mto huu una mitambo ya megawati 97.

Sheria inaweka matumizi ya nyumbani na mahitaji ya mazingira mbele ya umeme na umwagiliaji. Mfumo wa mto unasema jingine, kwa maana maji yanayoruhusiwa kutoka bwawani hutazamwa kwanza kwa macho ya mitambo. Mkulima wa mwisho wa mto anapata kinachopita baada ya hapo.

Jumapili, Pangani

Mto unaingia baharini kati ya mji wa Pangani na Bweni, na kivuko kinavuka mdomo wake kutwa nzima. Mjini umejengwa ukuta wa kuzuia mmomonyoko kwenye ukingo, nao unaonekana na viongozi hupigwa picha wakiwa juu yake. Tatizo la wakulima liko mbele zaidi, juu ya mto, mahali pasipo na ukuta wowote unaoweza kujengwa.

Mto unaposhuka kwa nguvu, unaisukuma bahari. Unapodhoofika mwishoni mwa kiangazi, bahari inapanda mtoni kila maji yanapojaa, na kwa kuwa usawa wa bahari nao unaongezeka duniani kote, chumvi inafika mahali ambapo wazee walikuwa wakinywa. Mashamba ya kando ya mto yaliyokuwa ya mpunga na mboga yameachwa, na minazi iliyo karibu na ukingo imesinyaa vichwa. Tulipelekwa kwa mtumbwi na mzee mwenye shamba la mpunga upande wa juu, ambaye alikuwa akionja maji kila baada ya mwendo fulani na kuyatema.

"Leo unaweza kumwagilia?" mwenzangu alimwuliza.

"Leo ni maji mafu, yanafaa, lakini nangoja yapwe kabisa," alijibu. "Bamvua likija sithubutu. Hiyo wiki nzima tunakaa tu."

Hivyo ndivyo wanavyolima: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua, yaani bahari inapojaa sana, linaleta chumvi na pampu zinazimwa, na siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, wakati wa kupwa, maji ya juu yanashuka na watu wanamwagilia usiku na mchana kufidia. Kalenda ya mvuvi imekuwa kalenda ya mkulima. Utaratibu huo unawatosha miezi mingi ya mwaka, lakini kuanzia Septemba mpaka vuli ishike, na tena Februari, mto huwa dhaifu kiasi kwamba hata maji mafu hayaoshi chumvi.

Jioni tulikaa na wakulima wachache chini ya mwembe, wakatuonyesha barua waliyokuwa wanaiandaa kwenda bodi ya bonde. Hawakuomba ukuta, wala mbegu inayostahimili chumvi, ingawa walikuwa wamesikia kwamba ipo. Waliomba mambo mawili: kwamba katika miezi hiyo ya udhaifu maji yafunguliwe kwa wingi zaidi kutoka juu katika siku za maji mafu badala ya kutoka sawasawa siku zote, kwa kuwa siku hizo ndizo zinazoweza kuwafaa, na kwamba wapewe taarifa ya siku ya kufunguliwa mapema kuliko inavyofanywa sasa. Maji yanachukua siku kadhaa kufika kutoka bwawani, na anayejua tarehe anaweza kuandaa kitalu chake kabla. Mwenzangu alisoma barua yote mara mbili, akaomba kalamu, akawasaidia kuongeza jedwali la bamvua na maji mafu ya miezi hiyo, ili anayeisoma Moshi, mbali na bahari, aelewe wanaomba siku zipi.